Mzee Ngari na Tairi za Hillary

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Ni mimi Festus Wakhungu. Leo sianzi na muziki, mtanisamehe. Tumempoteza Mzee Ngari Mbogo, fundi wa tairi wa Kitale. Amefariki nyumbani kwake Endebess, wiki mbili sasa, akiwa na miaka sitini na mmoja. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: ni Ngari Mbogo, yule wa tairi.

Kama ulipita karibu na soko la Kitale miaka hiyo, huenda Mzee Ngari alikukalisha ndani ya gari la mtu usiyemjua. Mimi mwenyewe alinikalisha mara mbili. Mara ya pili nilikuwa katikati ya mama wawili, kila mmoja na kabichi mapajani, na sisi sote tumeambiwa tukae tutulie. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Hafungi tairi mpya kwenye gari la spoti mpaka ajaze watu.

"Gari tupu ni muongo, bana," alikuwa akisema. "Likibeba watu ndio linasema ukweli."

Vijana walileta magari ya milango miwili yaliyotoka Japani. Rimu za kiwandani ni saizi kumi na tano, wao wanataka kumi na saba, zing'are. Mzee Ngari hakuwakatalia. Lakini alikuwa na sheria. Rimu ikiongezeka, ukuta wa tairi upungue, ili kimo cha gurudumu zima kibaki palepale. Na upana usizidi nafasi iliyoko. Akimaliza anaita watu wanne waingie, bodi ishuke kwa uzito, anapiga magoti, anapitisha vidole viwili kati ya tairi na bodi. Vidole vikipita, nenda salama. Vikikwama, tairi inatoka, hata ulie.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo maisha ya Mzee Ngari yaligeuka.

Tarehe nane Januari, mwaka wa elfu mbili na nne, alikuja kijana wa Bungoma anaitwa Hillary Wekoye. Miaka ishirini na saba. Mtoto wa kiume pekee wa mama yake, Jentrix. Alikuwa na gari la spoti jekundu na rimu mpya za kumi na saba. Mzee Ngari akamwambia tairi inayofaa ni upana mia mbili na tano. Hiyo haikuwepo Kitale siku hiyo. Ilikuwa itoke Nakuru, angoje siku mbili. Hillary alikuwa na tairi zake tayari, upana mia mbili ishirini na tano, nene kidogo, ndefu kidogo.

"Mzee, si unifungie tu hizi," Hillary akasema. "Ama unataka gari yangu ikae kama ya pasta?"

Mzee Ngari akacheka. Hilo alinisimulia yeye mwenyewe, na kila mara alianzia hapo, kwamba alicheka. Akauliza, utabeba watu? Hillary akasema hapana, niko peke yangu. Basi akafunga. Hakuita mtu aingie. Vidole vikapita, gari likiwa tupu.

Hillary alipofika Kimilili akakuta dada yake Viola na binamu wawili wanangoja kurudi Bungoma. Ungewaacha? Hakuna mtu wa huku kwetu angewaacha. Akawabeba.

Viola yuko hai. Ananiambia hivi: "Tulisikia harufu ya raba inaungua. Hillary akasema ni watu wanachoma takataka. Tukafunga madirisha."

Tairi ya nyuma ilipasuka kwenye mteremko. Watatu walitoka na majeraha. Hillary hakutoka.

Polisi walisema ni mwendo wa kasi. Pasta akasema ni saa yake ilifika. Lakini Mzee Ngari alienda kuliangalia lile gari. Akapiga magoti kama kawaida yake. Tairi ilikuwa imekatwa bega lote, pale ukuta unapoanzia, duara zima, pale ilipokuwa inasugua ukingo wa bodi. Akajua.

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia hapo Mzee Ngari alitaka kitu kimoja tu. Alitaka mama yake Hillary amwambie: ulikosa, na nimekusamehe. Kila Januari alitoka Kitale hadi Bungoma na kilo mbili za sukari. Ni mwaka wa elfu mbili na nane tu ambao hakwenda, na nyote mnajua Januari ile ilivyokuwa, ghasia za uchaguzi na barabara zimefungwa. Mwaka huo alipiga simu. Miaka mingine anafika, anakaa, anasema, "Mama Hillary, ni mimi nilikosea. Nilifunga saizi ambayo si yake." Na Mama Jentrix anamjibu, "Ni kazi ya Mungu, mzee. Kunywa chai."

Kila mwaka ni hivyo hivyo. Kunywa chai.

Na si yeye tu. Sisi sote tulimwambia. Mimi nilimwambia, hapa hapa studio, achana na hayo mzee, kifo hakina kinga. Nilidhani ninamfariji. Kumbe ninamfungia mlango.

Mjane wake, Mama Nyaguthii, amenieleza alivyokwisha. Alifunga karakana. Chakula akawa anakiangalia tu. "Daktari ameandika presha," anasema. "Lakini mimi ndiye nililala naye nyumba moja. Alikuwa ananiuliza, Nyaguthii, kama wote wanasema hakuna kosa, mimi nitasamehewa nini? Miaka mitano aliniuliza hilo."

Baada ya mazishi nilienda Bungoma kurekodi salamu za rambirambi kwa Mama Jentrix. Nilitarajia maneno mawili matatu mazuri. Alinikaribisha, halafu akasema haya. Nayasoma kama nilivyoyaandika, na yeye amenipa ruhusa.

"Mimi nilijua ni yeye. Viola aliniambia juu ya ile harufu, na huyo mzee mwenyewe alinieleza mambo ya saizi mpaka nikaelewa. Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Lakini ningesema ndiyo, ulikosa, singebaki na kitu kingine cha kufanya isipokuwa kumsamehe. Na mimi sikutaka. Nilimpa chai. Nilikuwa namwona akitoka kwa mlango amebeba ule mzigo wake, na mimi nafurahi. Sasa mnaniambia amekufa. Nikimsamehe leo, huo msamaha nampelekea nani?"

Nilizima mtambo wa kurekodia. Nilikaribia kusema ni kazi ya Mungu, nikauma ulimi.

Kwa Mama Nyaguthii na watoto huko Endebess, poleni sana. Kwa Mama Jentrix na Viola huko Bungoma, poleni pia. Msiba huu ni wa nyumba zote mbili. Mola awape nguvu, kwa sababu mimi sijui mtazitoa wapi.

Na wewe unayenisikiliza. Labda kuna mtu amekuja kwako kukiri kosa, nawe ukamwambia yaishe, hakuna neno, huku moyoni unajua neno lipo. Mtafute angali hai. Mwambie, ndiyo, ulikosa na uliniumiza. Kama utaweza kumsamehe, msamehe. Kama hutaweza, mwambie hivyo pia. Mzee Ngari angekubali hata hilo.