Kwa Nini Baiskeli Wanapiga Saa Kumi Alasiri

Benchi letu liko mbele ya duka la matairi la marehemu Fusco, hapa La Plata, pale barabara ya mshazari inapokatiza barabara iliyonyooka na kuacha pembe ndogo isiyo na mwenyewe. Duka lilifungwa zamani, lakini mjane wa Fusco hajaliondoa benchi. Kila Jumamosi asubuhi hulifuta vumbi kabla hatujafika, kisha hurudi ndani kana kwamba hakufanya kitu. Mwezi huu miti ya tilo imechanua na mtaa mzima unanukia kama asali. Rulo mwoka mikate, mwenye nywele za kujisokota, ndiye hushika chupa ya maji ya moto na kibuyu cha mate, yale majani machungu tunayokunywa kama chai. Yeye hujaza, sisi hunyonya kwa mrija ule ule mmoja, kibuyu kinazunguka kwa zamu. Tana muuza maua hukaa katikati, maana akikaa mwisho benchi linainuka upande wa pili. Bicho, fundi wa mafriji, mwembamba kama waya, hukalia egemeo na kuweka miguu mahali pa kukalia. Mimi hukaa ukingoni, na mwanangu Nahuel kifuani ndani ya mbeleko.

Kilichotukutanisha sisi wanne ni bendi. Inaitwa Bicicleta Ajena, yaani baiskeli ya mtu mwingine, nasi husema Baiskeli tu. Ni vijana wa hapa hapa wanaopiga roki. Hawana kampuni wala meneja. Spika wanabeba wenyewe na fulana zao wanauza wenyewe. Tumewafuata tangu wakipigia kwenye gereji ya shangazi yao. Shoo zao huanza saa saba usiku, tena hapo wamewahi. Tangu tumbo langu lilipokuwa kubwa sijakanyaga hata moja. Nahuel bado ananyonya, baba yake hufanya zamu kiwanda cha mafuta, na mama yangu ameshasema hatamshika mtoto ili mimi nikaruke na walevi. Sikumlaumu. Nilichoogopa ni kingine, na benchini sikukisema: niliogopa kwamba wenzangu wameshazoea kwenda bila mimi.

Jumamosi hii Bicho alikuja na tangazo alilolibandua ukutani.

— Someni wenyewe, alisema. Kesho Jumapili, Baiskeli, pale klabu ya mtaa. Saa kumi alasiri.

— Saa kumi usiku, Tana alimrekebisha.

— Alasiri, Tana. Imeandikwa alasiri na jua limechorwa.

— Mchapaji amekosea.

— Jua lenyewe limevaa miwani, dada. Mtu hawezi kukosea akachora jua lenye miwani.

Rulo alilichukua tangazo, akaligeuza nyuma kama anayetafuta maelezo zaidi, akalirudisha.

— Ni majirani, alisema. Wamelalamika kelele.

— Majirani gani? aliuliza Tana. Yule bibi wa ukuta wa pili? Si yeye aliyekuja kuomba gitaa liongezwe sauti, kwa vile televisheni yake imekufa?

— Basi mwingine.

— Hakuna mwingine, Rulo. Upande wa pili ni uwanja wa wazee wanaoviringisha mipira ya bochi, nao hawalalamiki mpaka umguse mtu mpira wake. Sikilizeni niwaambie. Mwimbaji amepata mchumba, mwalimu wa chekechea. Yule binti saa mbili usiku ameshalala. Sasa kijana anataka aonekane akiimba, afanyeje?

— Umemwona huyo binti? aliuliza Bicho.

— Sijamwona. Si nimekwambia saa mbili ameshalala?

Tulicheka, na Nahuel akashtuka, akanitazama, akarudi kulala. Rulo alinipa kibuyu. Niliona kwamba maji ya zamu yangu huwa anayapoza kidogo kwanza, kwa sababu ya mtoto aliye kifuani. Hajawahi kulisema, nami sijawahi kumuuliza.

— Nyote wawili hamjui kitu, alisema Bicho. Jambo hili ni la umeme. Usiku mafriji ya mtaa mzima yanavuta. Gitaa linapata makombo. Mimi ni fundi, nasikia kabisa: wimbo wa tatu besi inaanza kukohoa.

— Mchana mafriji hayavuti?

— Mchana yanafunguliwafunguliwa, yanapata hewa.

— Bicho, mimi friji langu umelitengeneza wewe, alisema Tana. Sasa ndiyo nimeelewa.

— Friji lako lina afya.

— Friji langu linapika maziwa!

Rulo alisubiri kicheko kipite, akainama mbele, akashusha sauti kama mtu wa siri za serikali.

— Hispania.

— Hispania imefanya nini?

— Saa kumi hapa, Hispania ni usiku. Vijana wameitwa Hispania, hawataki kusema. Wanaizoeza miili. Leo wanapiga saa kumi, kesho kutwa utasikia wanakula chakula cha mchana asubuhi. Halafu siku moja klabu imefungwa, na sisi tumekaa hapa na fulana zao.

— Wee bwege, lile gari lao hata Berisso hapo jirani hufika kwa kusukumwa!

— Ndege, Tana. Watu hupanda ndege.

— Na zile spika watazipakata?

Nilikuwa nikicheka, lakini kila mara nililitazama lile jua lenye miwani. Saa kumi alasiri. Saa ya mtu mwenye mtoto. Nikajiambia niache kuwaza.

— Mimi kinachonisumbua ni pogo, alisema Bicho. Kuruka na kugongana mchana kweupe kutakuwaje? Tutaonana nyuso!

— Aibu gani hiyo, alisema Tana.

— Ndiyo, aibu! Nimerukaruka na watu wale miaka nenda rudi, nimekumbatiana nao, nimelia begani kwa jamaa mmoja mnene ule wimbo wa mwisho, na simjui. Kesho nitagundua ndiye yule mkaguzi wa basi.

— Na kiatu chako watakiona upesi, alisema Rulo.

Hapo wote wawili walimgeukia Bicho, naye akajifanya kutazama miti.

Kwetu kiatu kikimvuka mtu kwenye pogo, aliyekikanyaga hukiokota na kukiinua juu. Watu walio karibu huacha kuruka na kupasua nafasi. Kiatu husimama hewani, gitaa likiendelea, mpaka mwenyewe aje akirukaruka kwa mguu mmoja. Hakuna aliyetufundisha. Nimeona vijana wenye michoro mpaka shingoni wamekishika kiatu cha msichana juu kama wameshika yai. Mwaka ule wa mvua kubwa, kule Berisso, kiatu kiliinuliwa, Bicho akakidai kwa haraka ya kurudi kuruka. Kilikuwa cha mtu mwingine, tena cha kushoto. Alichobaki nacho mguuni kilikuwa cha kushoto pia. Tana alimbeba mgongoni kuvuka maji yote mpaka kituoni, akimtukana njia nzima, wala hakumtua.

— Kilifanana, alisema Bicho.

— Kilikuwa chekundu!

— Gizani, Tana. Ndiyo maana nasema kila kitu kina wakati wake, na roki wakati wake ni giza.

Mimi nilikumbuka shoo yangu ya mwisho, tumbo likiwa limeshatokeza. Niliwaambia nitasimama nyuma, ukutani, wao waende mbele. Hawakwenda. Walinizunguka wote watatu, migongo kwangu, wakawa ukuta wa pili. Hawakuruka wimbo hata mmoja, hata ule ambao Tana huulilia. Kila wimbi la watu lilipokuja, lilivunjikia kwao. Siku ya pili Rulo alikuwa na jicho limevimba, akasema amejigonga kwenye mlango wa tanuri. Mlango wa tanuri lake hufunguka chini, magotini.

— Mama Nahuel, wewe hujasema, Rulo alinishtua. Unadhani ni kwa nini?

— Mnaniulizaje mimi nisiyekwenda?

Rulo aliacha kumimina maji.

— Huendi? aliuliza Tana. Saa kumi alasiri, shoga!

— Na huyu? Niliifunua mbeleko wakamwona. Masikio yake bado mabichi. Akilia je? Akitaka kunyonya katikati ya wimbo? Nimkalishe juu ya spika? Nendeni tu. Mtanisimulia, kama siku zote. Ninyi mnasimulia vizuri.

Nilijitahidi kulisema kwa wepesi. Nilitaka wabishe. Nilitaka mmoja wao aseme bila wewe hatuendi, hata kama ni uongo. Lakini Tana alikunja mdomo, Bicho akakuna goti, na Rulo akakazana kutikisa chupa kupima maji yaliyobaki. Nikajiambia, basi, wameshazoea. Ndivyo maisha yalivyo, na hakuna aliyekosa.

Kisha wote watatu walianza kusema kwa pamoja, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo.

— Ni mpiga besi, alisema Tana. Ana damu ya kuku. Daktari amemwambia, jua likizama lazima apate kiti, la sivyo anasinzia amesimama.

— Hapana, ni popo! alisema Bicho. Klabu ina popo darini. Usiku wakisikia gitaa wanadhani ni mama yao.

— Na Hispania hakuna popo, alisema Rulo. Ndiyo ninayowaambia.

— Popo wapo dunia nzima!

— Wa Hispania ni wapole.

Hatukumwona Bi Delia mpaka kivuli chake kilipoangukia tangazo. Ni mama yake Toto, mpiga drams wa Baiskeli, na ndiye husimama mlangoni mwa klabu kila shoo, akiwaambia vijana wafunge kamba za viatu kabla ya kuingia. Benchini hakuwa amewahi kuja. Mkononi alikuwa na mfuko wa duka la mboga. Hakusalimu kwanza. Aliinama akachungulia ndani ya mbeleko yangu, uso ukamlainika.

— Mtoto mwenyewe ndiye huyu?

Sikuelewa ananiuliza nini.

— Mtoto yupi, Bi Delia? nilisema.

— Huyu wa saa kumi. Vijana wangu wamebishana wiki nzima mezani kwangu. Yule mwimbaji anasema roki mchana ni kama supu ya barafu. Toto akasema, mtu amekuja mpaka kwetu kuomba kwa ajili ya rafiki yake mwenye mtoto mchanga, ambaye hajaja siku nyingi. Tusipopiga mchana kwa mtu kama huyo, tunampigia nani? Basi wakakubali. Jumapili moja tu, alasiri.

Alitia mkono mfukoni, akatoa vifuniko vya masikio, vidogo, vya buluu, vyenye sponji nene.

— Vya mjukuu wangu, vimemkaa vidogo sasa. Sauti inaingia kama mvua ya mbali. Nimekuwekea na kiti pale mlangoni kwangu, penye upepo. Ukitaka kumnyonyesha, ingia nyuma ya kaunta, hakuna atakayekusumbua. Ukitaka kwenda mbele kuruka wimbo mmoja, nitamshika mimi. Nimelea wanne kwa mlio wa drams.

Nilivipokea. Vilikuwa vyepesi, na mtu alikuwa amevifuta vikang'aa.

— Nani alikwenda kuwaomba? niliuliza.

— Hilo ndilo nami nimekuja kuuliza, alisema Bi Delia. Siku hiyo sikuwepo nyumbani, na Toto ameapa hasemi. Ni nani kati yenu?

Nilimtazama Bicho. Bicho alikuwa akichunguza nyaya za umeme kana kwamba zinamdai jibu. Nilimtazama Tana. Tana, ambaye huwa ana neno kwa kila mtu, alikuwa akichuma majani makavu kutoka kwenye sketi yake, na hapakuwa na majani makavu. Nilimtazama Rulo. Masikio yake yalikuwa mekundu chini ya nywele. Kila niliyemtazama alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa na mkate chini ya shati.

— Mimi bado nasema ni popo, alisema Bicho taratibu.

Bi Delia alitusubiri kidogo. Alipoona hapati kitu, alimgusa Nahuel kidole cha mguu, akasema basi kesho, msichelewe, akaenda zake na mfuko wake. Hakuna aliyerudia habari za Hispania, wala mchumba, wala friji.

Rulo alijaza kibuyu, akanipa. Nilinyonya polepole. Nilitaka kuwashukuru, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini kwetu ukirudisha kibuyu ukasema asante, maana yake umetosheka, zamu yako imekwisha, mjazaji anakuruka na hupewi tena. Nami sikuwa nimetosheka. Kwa hiyo nilinyonya mpaka mrija ukakoroma, nikakirudisha kwa mikono miwili, bila kusema kitu.

Rulo alikipokea, akanitazama, akakijaza tena. Zamu ilikuwa ya Tana. Akanipa mimi. Na Tana, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukubali kurukwa, alisogea akanipisha nikae katikati.