Fundi Masikio na Ugonjwa wa Pistoni ya Pili

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Masikio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Udadisi alizaliwa nao. Akiwa na miaka saba alilifungua bomba la jikoni kwa sababu lilikuwa likipiga mluzi, naye alitaka kujua mluzi unatoka wapi. Maji yalifika hadi kwa jirani. Mama alimwendea na ufagio, akamkuta amekaa majini akichungulia ndani ya koki. "Mama," akasema, "kumbe ni kipande cha mpira tu."

Baada ya sekondari, mwaka 1980, aliingia chuo cha ufundi kusomea mabomba na uchomeleaji. Alikuwa msichana pekee darasani. Siku ya kwanza mwalimu alimwuliza kama amepotea njia. Mwisho wa mwaka dada aliongoza darasa, na mwalimu akaacha kuuliza.

Mwaka 1984 alifungua karakana ya kutengeneza ala za muziki za shaba, chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa bendi. Tulikuwa wawili humo: yeye, na mimi mdogo wake wa mwisho, niliyekuwa msaidizi wake. Tarumbeta ikiletwa, hakuigusa kwanza. Alimhoji mwenyewe: imeanza lini, noti zipi, ikiwa baridi au ikishapata moto? Wengine aliwarudisha nyumbani akiwaambia tarumbeta ni nzima, wakafanye mazoezi.

Oktoba 1989 alikuja mpiga tarumbeta wa kwanza wa bendi ile, amenywea. Noti zake zilikuwa hazikai sawa, na bendimasta alikwisha kutangaza kwamba Ijumaa kiti chake anapewa mwingine. Mwenyewe aliamini midomo imemwishia. Dada alimpigisha noti moja moja, akabaini kwamba zote mbovu zilitumia pistoni ya pili, ile ya katikati kati ya tatu zinazobonyezwa kwa vidole. Alichomoa mrija wa pembeni, akabonyeza pistoni, akamulika tochi. Tundu lililopaswa kuonekana duara kamili lilionekana kama mwezi mchanga. Pistoni haikuwa ikifika chini, kwa sababu kitambaa cha sufu kilichowekwa chini ya kitufe chake kilikuwa kinene mno. Kitambaa hicho kiliwekwa na karakana yetu miezi minne kabla.

Dada hakungoja Ijumaa. Aliingia ukumbini na aproni yake katikati ya mazoezi, akasema mbele ya wote: "Huyu hana kosa. Kosa ni la mkono wangu."

Mpigaji alibaki na kiti chake. Karakana ilinyimwa kazi za bendi kwa miaka miwili, tukawa tunaziba sufuria na pampu za baiskeli. Lakini mpigaji aliendelea kuja na tarumbeta isiyo na ugonjwa wowote, hadi sisi wengine tukaelewa. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na moyo. Alipoambiwa kwamba vali yake moja inavuja, alimwomba daktari amwazime kile kifaa cha masikioni ausikilize mwenyewe, akausikiliza kwa muda mrefu, akitabasamu. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake huyu anayewasomea. Kile kitambaa nilikikata mimi. Dada alijua siku ileile, na kwa miaka thelathini na mitano hakumwambia mtu. Wiki moja kabla hajatutoka nilimwomba ruhusa nimwambie shemeji. Akacheka, akasema, "Subiri nife kwanza, msije mkanuniana mbele yangu."

Shemeji, nimesubiri. Mkono wa mkeo haukukosea. Mungu aupumzishe kwa amani.