Mlango wa Jiko la Rafaeli Chilongola

Tunayemsindikiza leo, Rafaeli Tomasi Chilongola, alizaliwa katika kijiji cha Ulaya, wilayani Kilosa, tarehe 3 Mei 1926, mtoto wa pili wa wakulima Tomasi na Agnesi Chilongola. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, kisha akajifunza useremala. Mwaka 1947 aliajiriwa na reli stesheni ya Kilosa, akasifika kwa jambo moja: kazi yake haikurudiwa.

Tarehe 18 Septemba 1954 alifunga ndoa na Mwalimu Yudith Mbena. Alisubiri miaka miwili, kwa sababu mchumba wake alitaka kwanza amalize chuo cha ualimu, wala hakunung'unika. Walijaliwa watoto watano. Makao yao yalikuwa Matopeni, mtaa uliostahili jina lake: masika ilipoanza, kina mama walivuka nyua zao wameshika viatu mkononi. Usiku wa Uhuru Rafaeli alicheza ngoma mpaka kofia ikapotea, na kesho yake akasema nchi huru haiwezi kukaa kwenye matope.

Mwanzoni mwa 1968 afisa afya alitangaza kwamba maji yakituama tena masika ile, mtaa ungevunjwa na watu kuhamishwa. Rafaeli aliwaita majirani, Waislamu kwa Wakristo, wakaunda Umoja wa Kujenga Matopeni. Hapakuwa na posho wala mkubwa. Kila Jumamosi palikuwa na msaragambo: wanaume wakichimba mfereji wa kupeleka maji mto Mkondoa, wanawake wakisomba mawe, ngoma ikilia tangu asubuhi. Watu waliokuwa wakiombana moto bila kujuana majina, sasa waliitana shemeji.

Jumamosi ya tarehe 24 Februari, kamba ya kupimia njia ya mfereji ilifika kwenye jiko la Rafaeli mwenyewe, la matofali ya kuchoma, alilokuwa ametoka kumjengea mkewe. Mafundi wakashauri kamba ipindishwe kidogo. Ingepindishwa, mfereji ungepita chumbani kwa mjane Magreti. Majembe yakatulia. Wengine wakanong'ona kwamba sasa watamjua Chilongola ni nani.

Ndipo akatokea Lukasi Maganga, Mnyamwezi wa genge la reli. Msagara kama Rafaeli hana ruhusa ya kumkasirikia mtani wake Mnyamwezi, na Lukasi alilijua hilo vizuri. Aliingia uani bila hodi, akang'oa mlango wa jiko, alioutengeneza Rafaeli mwenyewe, akaulaza juu ya mfereji kama daraja.

"Nyinyi Wasagara mmezoea kulala majini kama vyura," alisema. "Mlango nimeshachukua. Jiko utavunja mwenyewe, au nikusaidie?"

Rafaeli alimtazama mkewe. Mwalimu Yudith alikuwa tayari anatoa masufuria.

"Umechelewa, mtani," Rafaeli akajibu, akachukua sururu. "Shika upande ule."

Vigelegele vilisikika hadi stesheni. Matofali ya jiko lile ndiyo yaliyojengea kingo za mfereji.

Masika ikashuka. Maji yakashika njia, watoto wakakimbizana nayo hadi mtoni, na afisa afya alipokuja aliondoka na viatu safi. Mtaa haukuvunjwa. Nyumba zikapakwa chokaa, vyoo vikachimbwa, soko dogo likafunguliwa. Mwalimu Yudith alipikia nje mwaka mzima, na kila aliyepita alijionea mfereji ulipita kwa nani.

Marehemu alistaafu mwaka 1981. Mwaka jana alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa Hospitali ya Wilaya. Alifariki tarehe 12 Agosti 1983, mkewe akiwa kando yake. Swali lake la mwisho lilikuwa kama mfereji umesafishwa. Ulikuwa umesafishwa.

Jana mwili ulipoletwa nyumbani, Lukasi alikuwa amesimama mferejini. Alikuwa ameutunza mlango ule tangu daraja la saruji lilipojengwa. Sasa alikuwa ameulaza juu ya mfereji, kando ya daraja hilo, na jeneza akalizuia.

"Msagara hapiti kwenye saruji," alisema. "Apite juu ya mlango wake, tuone kama fundi huyu alitudanganya."

Mtani hakataliwi. Wachukuzi wakapita juu yake, na mbao hazikulia.

Ameacha mjane, Mwalimu Yudith, watoto watano, wajukuu tisa, dada yake Teresia, na mtani wake Lukasi.

Apumzike kwa amani, mahali pakavu.