Bi Subiri na Kosa Aliloomba Lisomwe

Baba Paroko, masista, ndugu, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza dada yetu, Bwana awe nasi. Anayewasomea ni mdogo wake wa mwisho, fundi seremala, ambaye hajazoea kusimama mbele ya watu, kwa hiyo atasoma polepole, na familia inaomba mumvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa posta na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, akabatizwa Jumapili ya tatu baada ya kuzaliwa, kwa kuwa Jumapili mbili za kwanza alilia mno hata padri wa wakati ule akawaambia wazazi wamrudishe nyumbani kwanza akatulie.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana ya masista kuanzia 1972 hadi 1975, ambako Kiingereza alikipata darasani na Kihispania alikipata kwenye pasi, maana masista watatu wa pale walizungumza lugha hiyo wao kwa wao, naye alikuwa na zamu ya kupiga pasi vitambaa vya altare chumba cha pili. Hakuna aliyejua kwamba anasikia, mpaka siku Sista Mkuu alipomsema kwa lugha yake kuwa mtoto huyu ni mvivu ameunguza kitambaa, naye akajibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa adabu, kwamba si uvivu, Sista, pasi ndiyo mbovu. Tangu siku hiyo alifundishwa rasmi, na masista wakawa wakitaka kusengenyana wanatoka nje.

Tarehe 1 Juni 1981 aliajiriwa katika ofisi ya tafsiri, ghorofa ya pili, juu ya kiwanda cha uchapaji, mahali ambapo mitambo ikianza kazi chini, vikombe vya chai vilitembea vyenyewe mezani. Kazi yake ilikuwa kutoa kwenye Kiingereza na kuweka kwenye Kihispania vitabu vya maelezo na vibandiko vya mashine zilizouzwa ng'ambo, na kila kazi iliyokamilika aliigonga mhuri wake mwenyewe, kuthibitisha kwamba ni sahihi.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi bomba aliyekuja kutengeneza sinki la ofisi, akalitengeneza mara nne ndani ya mwezi mmoja, hadi mkuu wa ofisi akasema, "Ama fundi huyu hajui kazi, ama ana lake jambo." Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike mwaka 1986 na wa kiume mwaka 1989, nao wote wako hapa.

Ndugu waombolezaji, sasa tunafika mahali ambapo familia ilivutana kwa siku mbili. Marehemu aliacha agizo, kwa mkono wake, kwamba kosa alilolifanya mwaka 1994 lisomwe siku ya maziko yake. Kaka yetu mkubwa alikataa, akasema mtu hamwaniki dada yake mbele ya jeneza, watu wamekuja kulia, hawakuja kusikiliza kesi. Mume wake alisema yeye aliahidi, na kwamba ahadi kwa mgonjwa haina pa kukimbilia. Hadi leo asubuhi hatukuwa tumekubaliana.

Ilikuwa hivi. Jumatatu tarehe 5 Septemba 1994 ililetwa orodha ya maneno ya Kiingereza ya kubandikwa kwenye mashine kumi na mbili za kushtua moyo kwa umeme, maneno matupu, moja moja, bila sentensi wala picha, na moja kati ya hayo lilikuwa "clear". Neno hilo kwa Kiingereza linabeba mengi, laweza kuwa safi, laweza kuwa wazi, laweza kuwa kufuta kilichoandikwa, laweza kuwa watu wakae mbali, na kwa Kihispania kila maana ina neno lake, huwezi kuweka moja likatosha kwa yote. Marehemu alituma swali kwa waliotengeneza mashine siku ya Jumanne. Alhamisi jibu lilikuwa halijafika, mitambo ya chini ilikuwa inasubiri, na mkuu wa ofisi alisimama mlangoni mara tatu, mara ya tatu akasema, "Mama, wewe ni mfasiri au mpelelezi? Andika tuondoke." Marehemu akafikiri kuwa mashine nyingi zina kitufe cha kufuta, akaandika "borrar", yaani futa, akagonga mhuri. Mashine zilisafirishwa kwa ndege Jumamosi.

Jibu lilifika Jumanne tarehe 13. Lile halikuwa neno la kitufe, lilikuwa neno la taa nyekundu inayowaka kabla mashine haijapiga, kuonya kila mtu aachie kitanda na kusogea nyuma.

Marehemu aliichukua karatasi ile kwa mkuu wake, naye akaisoma, akaikunja, akasema, "Hao ni wauguzi, si watoto, wataelewa tu. Ukiandika barua umekiri, na ukikiri ofisi imekufa." Alirudi nyumbani akamweleza mumewe, aliyekuwa anafunga viatu aende kwenye kazi ya jioni, naye akamjibu bila kuinua kichwa, "Ofisi ikifa nitakulisha mimi. Mtu akifa, utamfanyaje?" Basi tarehe 14 alikwenda posta na orodha ya hospitali kumi na mbili, akatuma faksi kwa kila moja, akitaja jina lake, kazi yake na kosa lake. Kufikia Jumamosi kumi na moja zilikuwa zimejibu kwamba zimebandua kibandiko. Ya kumi na mbili ilikuwa kimya.

Kuanzia Jumatatu alipiga simu kila asubuhi kabla ya kazi, kengele ikawa inalia hadi inakatika, naye anasali hapo hapo kwenye kibanda cha simu huku watu nyuma yake kwenye foleni wanamwambia, "Mama, kama hawapokei si uje kesho?" Asubuhi ya tano, Ijumaa tarehe 23, simu ilipokewa na mtunza stoo, ambaye aliposikia habari ya mashine aliweka mkonga wa simu mezani, na marehemu akasikia viatu vikienda mbali, mlango, kisha viatu vya mtu mwingine vikija.

Huyo wa pili alimweleza kwamba faksi yao haikuwa na karatasi wiki nzima. Mashine ilikuwa imetumika tarehe 15. Muuguzi aliona taa imeandikwa futa, akadhani inafuta kumbukumbu ya mgonjwa aliyetangulia, akaendelea kumshika mzee aliyekuwa kitandani, umeme ukamtupa chini na mkono wake wa kulia ukafa ganzi. Katika ghasia ile ya kumwinua, dakika zilipita, na mzee alifariki. Daktari wa pale alisema moyo wa mzee ulikuwa umeshachoka sana, akasema pia kwamba hakuna awezaye kujua dakika zile zingefanya nini. Watu wengi walimwambia marehemu ashike lile neno la kwanza la daktari aachane na la pili. Hakukubali, aliyashika yote mawili kwa miaka ishirini na minane.

Ofisi haikufa, wala haikumfukuza, ililinyamazia kosa tu, na mwaka 2006 ikampa cheti cha mfanyakazi bora, ambacho hakukitundika. Tangu mwaka ule wa 1994 kila neno lililosimama peke yake alilizungushia penseli, na hakugonga mhuri mpaka aliyeliandika ajibu, hata wateja wakifoka, na jibu lake lilikuwa, "Subiri kwanza niulize", ndipo wenzake wakamwita Bi Subiri. Kwa muuguzi yule aliandika barua kila Septemba, akajibiwa mara ya kwanza mwaka 1997, kwamba mkono umerudi na anaweza tena kusuka nywele za binti yake. Alistaafu tarehe 31 Machi 2018.

Mwaka 2019 alianza kuugua figo, akatibiwa kwa uvumilivu, na tarehe 9 Mei 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, baada ya kupokea sakramenti, alifariki akiwa na mumewe na watoto wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali, na wafanyakazi wenzake, waliokubali kuyafasiri haya mliyoyasikia na kuyapeleka hospitali ile. Leo asubuhi kaka yetu mkubwa aliomba karatasi hizi, akazisoma zote akiwa amesimama, akazirudisha, akasema, "Soma. Usimpunguzie, wala usimwongezee."

Mzee yule jina lake hatukuambiwa. Tunajua tu kwamba alikuwa na mabinti watatu, walikuwa wanamsubiri kwenye korido. Mabinti, popote mlipo, dada yetu aliwakosea, na sisi ndugu zake tunawaomba msamaha.

Dada, tumeyasema. Pumzika sasa, kwa amani ya Mungu.