Magreth Emilian wa Usoke, Mtunza Draiva za Redio, 1981–2025

Mchungaji na wazee wa kanisa, ndugu zetu mliotoka Tabora mjini, Usinge na Choma, majirani na wafiwa wenzangu, Bwana asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Naitwa Dionis Emilian Lugusi, kaka wa marehemu, ukoo umenituma niwasomee maisha yake, na ingawa mimi ndiye niliyebishana naye kuliko mtu yeyote aliye hapa, nadhani ndiyo sababu wamenichagua, maana Magreth hakubishana na mtu asiyempenda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 hapa Usoke, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Emilian Lugusi, mkulima wa tumbaku na mrina asali, na mama yetu Agnetha, ambaye tunamshukuru Mungu kwamba yupo nasi na ameketi pale mbele. Alibatizwa mwezi Mei mwaka huo huo katika kanisa hili la Moravian, na wale waliomlea wanakumbuka kwamba tangu mdogo hakupenda kitu kilichoharibika kiitwe kibovu, atakaa nacho, atakigeuza, atakifungua, na mara nyingine, niseme ukweli, atakimaliza kabisa.

Alianza masomo katika Shule ya Msingi Usoke mwaka 1989, akamaliza mwaka 1995, kisha akajiunga na Sekondari ya Wasichana Tabora kuanzia 1996. Akiwa kidato cha tatu, tarehe 2 Julai 1998, baba yetu alifariki ghafla, mizinga yake mingi ikiwa imetundikwa msituni upande wa Usinge, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwomba atuzungushe na kutuonyesha mti kwa mti akiwa mzima, tukihofia ataona tunamhesabia siku, mizinga ile ilibaki huko na nyuki wake, hatukuiona tena. Magreth alirudi shuleni na msiba ule, akasoma kwa hasira, akamaliza kidato cha sita mwaka 2002, na mwaka huo huo akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea uhandisi wa mawasiliano, akahitimu mwaka 2006.

Mwezi Februari 2007 aliajiriwa na kampuni ya simu kama mhandisi wa minara, akihudumia njia yote ya reli kutoka Tabora hadi Kaliua, ile ile ambayo babu zetu waliipita na mizigo kichwani, na yeye akawa anaipita na kamba za kupandia mnara begani. Tarehe 20 Juni 2009, Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Anton Valentino, na tarehe 3 Februari 2012 Mungu akawajalia watoto mapacha, Kulwa na Doto, ambao leo wapo kidato cha kwanza, na ambao wote wawili wamerithi ubishi wa mama yao bila kugawana.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo wengi wenu mmeniuliza ilikuwa kazi gani hasa. Mwaka 2013 Magreth alinunua Tabora mjini kipokezi kidogo cha mawimbi, kinachochomekwa kwenye kompyuta, akagundua kwamba ukiwa na programu sahihi kifaa kile kinakuwa redio ya kila kitu, kinasikia ndege, kinasikia meli, na kinapokea picha za mawingu moja kwa moja kutoka kwenye satelaiti bila kuhitaji intaneti. Akatengeneza antena kwa mabomba ya alumini, akaisimamisha juu ya paa la nyumba yao mtaa wa Cheyo, mjini Tabora, na mwenyekiti wa mtaa akaja kuuliza kwa upole kama mama mapacha anaongea na nani huko juu. Lakini kati ya kompyuta na kipokezi kuna programu inayoitwa draiva, ambayo kazi yake ni ya mkalimani, bila hiyo kompyuta inasema lake na kifaa kinasema lake, na draiva ya vipokezi vile ilikuwa na kasoro, umeme ukiyumba kidogo, kama unavyoyumba kwetu, picha inakatika. Aliirekebisha, akamtumia mwenye programu, mzungu mmoja ambaye naye alikuwa ameshachoka, na kufikia Septemba 2016 mzee yule akamkabidhi draiva nzima, watumiaji wake wakiwa mabara yote, na mtunzaji wake akiwa mwanamke wa Usoke anayeifanyia kazi mezani pa kulia chakula baada ya kutoka kazini. Mimi nilimwambia anafanya kazi ya bure, akanijibu kwamba hata kuimba kwaya nafanya bure na siimbi vizuri.

Mwaka 2017 alifunga vipokezi Usinge kwa ndugu zetu warina asali, hapa Usoke kwa wakulima wa tumbaku, na Choma, wilaya ya Igunga, ambako alimkabidhi Bwana Bundala, ambaye naye namwona pale nyuma na ninamsalimu. Ukawa msaada mkubwa, watu wakatazama mawingu asubuhi, wakajua waanike au wasubiri.

Hapa sitawaficha kosa lake, maana yeye mwenyewe hakulificha. Mwezi Aprili 2021 aliisafisha draiva, akakuta mahali ambapo programu inasimama kidogo kabla ya kukiamsha kipokezi, akaona ni uvivu wa waliotangulia, akaiondoa ile subira, akajaribu kwenye kipokezi chake kipya kikafanya kazi vizuri, akasambaza. Vipokezi vya zamani, ambavyo huchelewa kuamka, havikuwahi kuamka kwa wakati, vikaleta picha nyeusi tupu, na Bwana Bundala kule Choma alipoona picha haina wingu hata moja akawatangazia watu kwamba mbingu ni safi, wakaanika mpunga wote uwanjani, na mchana mvua ya Mei isiyo na adabu ikaunyeshea. Wazee wa Choma walikaa, wakasikiliza, wakaamua kwamba Bundala alisoma alicholetewa, mwenye kosa ni aliyekileta, na faini ni mbuzi mmoja, kwa mila ile mnayoijua, kwamba mbuzi anachinjwa, watu wote wanakula, mkosaji naye anakaa chini anakula, na baada ya hapo hakuna ruhusa ya mtu kulikumbushia kosa lile. Magreth angeweza kuomba radhi kwa simu, lakini alikwenda na mbuzi wake, akala nao, akarudisha subira ile kwenye draiva, na pembeni yake akaandika kwa Kiswahili onyo ambalo wataalamu wa ulimwengu mzima mpaka leo wanatafuta maana yake, kwamba isiondolewe kwa sababu mbuzi alishaliwa. Mimi nalikumbushia leo bila kuvunja mila, kwa sababu sikuletewa hata mfupa.

Tangu siku hiyo hakuna badiliko lililotoka kabla ya kujaribiwa kwenye vipokezi vya zamani, ambavyo alivipanga kwenye rafu moja akaiita benchi la wazee, na mtu aliyeleta badiliko, awe profesa au nani, alijibiwa kwanza asubiri wazee waseme. Draiva ile ikaimarika, ikaanza kutumiwa kwenye vyuo na vituo vya hali ya hewa, na kampuni yake ikampandisha cheo, ingawa nyumbani alibaki yule yule wa kuunguza ugali akifikiria mambo mengine.

Mwezi Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji Mwanza tarehe 17 Oktoba mwaka huo, akapata nafuu, akarudi kazini Machi 2024, lakini mwezi Januari 2025 vipimo vilionyesha ugonjwa umehamia kwenye ini. Mwezi huo huo kiwanda kinachotengeneza vipokezi kilibadilisha chipu, vipokezi vipya vikawa havielewani na draiva, na baadhi ya wataalamu wa nje wakapendekeza draiva iandikwe upya kwa ajili ya vipya tu, vya zamani viachwe vizeeke na kufa. Magreth alijua kwamba vya zamani ndivyo vya Usinge, vya Choma, vya watu wasio na namna ya kununua vingine, na alijua pia kwamba idhini ya kusambaza draiva ile ilikuwa mikononi mwake peke yake, na mikono ile ilikuwa inachoka. Hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa, nalisema kwa sababu nililiona.

Mtu aliyemtaka alikuwa Zuena Adinani, binti wa fundi redio wa Ng'ambo, Tabora mjini, mhandisi mwenzake tangu mwaka 2018, aliyeijua draiva ile mstari kwa mstari. Zuena alikataa. Hakukataa kwa uvivu, alikataa kwa heshima, akasema mwenye mali yupo, sasa amrithi nani, na kwamba kupokea urithi wa mtu aliye hai ni kumtakia kifo. Miezi mitatu walifanya kazi pamoja kila siku, na kila Magreth alipotaja kukabidhi, Zuena alibadilisha mazungumzo au akaenda kuchemsha chai.

Mama alipanda basi mwenyewe mwezi Aprili, bila kutuambia, akaenda Ng'ambo nyumbani kwa akina Zuena, akapokelewa, akaamkiwa, akanywa kahawa, kisha akamweleza yule binti kwamba yeye alishapoteza mizinga ya mumewe kwa heshima ya namna hiyo hiyo, kwamba mrina asali mwenye akili huzunguka na mrithi wake angali na miguu, na kwamba kama anamtakia Magreth uzima basi ampunguzie mzigo. Zuena alilia, akakubali. Kuanzia hapo Magreth alimzungusha kwenye draiva yote, akimwonyesha kila mahali na sababu yake, wakaandika pamoja sehemu inayoelewana na vipokezi vipya bila kuviacha vya zamani, na tarehe 11 Julai 2025 draiva hiyo ilitoka ikiwa na jina la Zuena kama mtunzaji wake.

Hali ya marehemu ilibadilika mwishoni mwa Agosti, akalazwa Hospitali ya Kitete, na alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2025 Mungu alimchukua, mumewe akiwa kando yake. Ameacha mume, watoto wawili, mama, na sisi ndugu zake watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na Kitete, mlimhudumia mgonjwa msumbufu aliyehoji kila mashine mliyomfunga. Tunawashukuru majirani wa Cheyo na wa hapa Usoke, wafanyakazi wenzake wote, watu wa Choma mliokuja na mbuzi mliposikia msiba, na wale wa mbali waliotuandikia kwa lugha ambazo Mwalimu Anton amelazimika kututafsiria.

Nimebakiza jambo moja, ambalo Anton ameniomba nisilipunguze. Tarehe 6 Septemba, akiwa kitandani, Magreth aliomba kompyuta yake, akaandika badiliko dogo kwenye draiva, akalituma kwa Zuena, akangoja. Jioni jibu lilikuja, na Anton akamsomea. Zuena aliandika, "Shikamoo dada. Hili siwezi kulipitisha, vipokezi vya zamani vinazimika. Naomba ulirekebishe." Anton aliogopa, maana katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumrudishia Magreth kazi yake, lakini mgonjwa akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Hakulirekebisha. Alimwambia mumewe afunge kompyuta, kazi imepata mwenyewe, na usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alilala bila kuamka mpaka asubuhi.

Endelea kulala, mdogo wangu. Pumzika kwa amani.