Upande wa Kushoto wa Vibao vya Mama Léocadie

Mama Léocadie Mawazo alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mzee Melchior, fundi cherehani. Wanasema alichora kuku ukutani kwao kabla hajajua kutamka vizuri jina lake, na kila kuku alikuwa na macho mawili, hata yule aliyetazama pembeni. Hakupenda kitu kipungue.

Alisoma hukohuko Uvira, shule ya msingi na kisha sekondari kwa masista, hadi mwaka wa nne, baba yake alipofariki. Sista mmoja aliwafundisha kwamba kuchora ni nusu ya kazi: ukimaliza, geuza karatasi, uandike umejionaje humo. Wenzake waliandika kwamba wameona ua. Yeye alichora nyumba yao, akaandika: “Mlango nimeufunga. Kumbe nimemkasirikia mama.” Desturi hiyo hakuiacha tena.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Hyacinthe, seremala wa mtaa wa Bwiza, akahamia kwake, na mtoto wao wa kwanza wakamwita Lisette. Mume aliranda mbao, mke akachora vibao vya saluni, gereji na maduka. Kabla kibao hakijatoka nyumbani alikigeuza, akaandika nyuma kwa penseli. Hyacinthe alizoea kumtania kwamba wateja wananunua mbele, nyuma anawapa bure.

Mwezi wa Juni 2023 alimchorea Khadidja, mwenye saluni, mwanamke aliyesukwa nywele. Khadidja alikitazama kibao, akaweka mikono kiunoni.

“Mama Lisette, huyu mwanamuke umemukata sikio ya kushoto? Wateja watanikimbia.”

Watu walicheka, naye akacheka, akalichora sikio. Lakini kibao cha gereji ya Twahiru kikatoka na gari lisilo na gurudumu la kushoto. Kisha mbuzi wa duka la nyama, aliyeelekea kushoto, akatoka bila kichwa. Mtaani walisema ni mtindo mpya. Wajukuu wake walifanya mchezo wa kutafuta kinachokosekana. Nyumbani wakubwa walimwambia ni uchovu, apumzike.

Mwezi wa Aprili 2024 alimshika mkono binti yake Lisette, wakapita Bwiza wakiomba vibao hivyo vishushwe. Alitaka kusomewa kwa sauti aliyoyaandika nyuma yake, kuanzia cha zamani. Kwa Khadidja, Lisette alisoma: “Sikio sikulisahau. Niliamini lipo.” Kwa Twahiru: “Wananiambia gurudumu halipo. Nimelitafuta kwa kidole.” Kwenye duka la nyama: “Kichwa nilikichora. Nani anakifuta?”

Hapo Lisette alikiweka kibao chini. Mama yake alikaa kwenye benchi la muuza nyama, akasema:

“Hakuna mutu anafuta, Lisette. Ni mi naisha, kuanzia upande huu wa kushoto. Unipeleke ku hospitali.”

Madaktari walikuta uvimbe kichwani, upande wa kulia wa ubongo, ule unaotuonyesha mambo ya kushoto; ulikwisha kukaa muda mrefu. Dawa zingeuchelewesha tu. Kumbe mkono wake ulikuwa umeanza kusema mapema, na ni yeye peke yake aliyeusikiliza.

Mwezi wa Agosti alichora kwa mara ya mwisho: familia yake mezani. Upande wa kushoto ulibaki ubao mtupu. Nyuma, kwa maandishi yaliyopinda, aliandika: “Leo wote wapo.” Hyacinthe, aliyekaa kushoto kwake, aliutazama ule uwazi.

“Na mi, Mama Lisette, niko wapi?”

“Ku nafasi yako,” akajibu. Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono wake kushoto, ukapapasa hewani, hadi ukampata.

Aliaga dunia asubuhi ya Jumatano, tarehe 11 Septemba 2024, nyumbani kwake Bwiza.

Ubao huo ndio mnaouona umeegemea jeneza. Hakuna aliyethubutu kuujaza. Mama Léocadie ameacha watoto wawili, Lisette na Gaël, wajukuu watano, na mume wake Hyacinthe, ambaye leo ameomba akae upande wa kushoto wa jeneza.

Apumzike kwa amani, na upande wa kushoto usimpotee tena.