Msomaji wa Blogu ya Cikuru

Tulikuwa ndani ya basi la Morse Road, mjini Columbus, majira ya baridi ya 2015, na hita yake imekufa. Mabwana wa mji wana hita zao ofisini, kwa hiyo haiwahusu. Mbele yangu mama mmoja, kitambulisho cha kazini shingoni, alimgeukia kijana wa kofia. "Samahani, ndugu. Si wewe Cikuru wa ile blogu ya kufundisha watu kuandika?"

Kijana akachanua kama mbunge aliyeshinda. "Ni mimi, mama! Unaisoma?"

"Niko nafungua kila siku pale kazini, wakati wa kupumzika. Iko picha yako, na 'Somo la kwanza linakuja.' Tangu Pasaka."

"Bon, kazi ni mingi. Halafu mwanzo unataka kutulia."

"Kutulia! Mama yangu iko mji ya Buffalo, anaanza kusahau. Juzi amesahau jina ya baba. Nataka niandike maisha yake akingali anaweza kunijibu. Donc, nianzie wapi?"

Kijana akavua kofia, akaivaa tena. Marehemu mke wangu naye wakubwa wa hospitali walimwambia asubiri. Wakubwa ni hodari wa kugawa subira, na huyu ameshajifunza kwao.

Basi likasimama. Mama akashuka, akabaki nje ameshika mlango. "Nipe hata sentensi moja tu, ndugu."

"Jumatatu!" kijana akaita. "Jumatatu naanza kabisa, mama!"

Dereva akafunga mlango. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.